Alipita Geti la Kumi na Nne

Bwana aliyerithi meza yangu ameniomba niandike kurasa chache "za kuwatia moyo maafisa michezo vijana", azitie kwenye faili la makabidhiano. Nimekubali, lakini namwonya mapema kwamba sikustaafu na moyo mweupe. Nimestaafu na hasira, na kwa kuwa maisha yangu yote nimeandika taarifa, nitaieleza hasira hiyo kwa utaratibu, kuanzia siku ya kwanza.

Nilihamishiwa Kyela nikitokea Singida, nchi ambako mto ni kitu cha miezi michache, halafu unageuka njia ya ng'ombe. Nilishuka kwenye basi mvua inanyesha, nikaulizia ofisi ya utamaduni na michezo, nikaonyeshwa chumba kilichokuwa stoo ya mbegu. Karani aliyekuwa mlangoni akaniambia, "Ugonile?" Nikadhani ananifananisha na mtu, nikamjibu, "Hapana, naitwa Zaina." Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Baadaye ndiyo akanieleza kwamba alikuwa ananiuliza kwa Kinyakyusa kama nimelala salama.

Vifaa vya michezo vya wilaya nzima vilikuwa mpira mmoja wenye kiraka, pampu isiyo na sindano, na filimbi yenye alama za meno ya afisa aliyenitangulia. Niliichemsha kwanza.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba ratiba ya michezo Kyela anaipanga Mungu kwa mvua. Nimesimamia fainali kijijini Talatala mpira ukielea mbele ya goli, na golikipa ameusimamia kama mtu anayemlinda bata. Cha pili ni rufaa. Timu ya Ikolo iliwahi kuniletea rufaa ya haki kabisa, mchezaji wa wapinzani wao alikuwa amesajiliwa kwa jina la kaka yake, lakini waliileta baada ya muda kupita. Niliikataa. Walinitukana kwa Kinyakyusa, nikashukuru kwamba bado sijakijua vizuri. Kanuni ni kanuni, ndivyo nilivyokuwa nikisema, na nilikuwa nalisema neno hilo kwa kiburi.

Miaka minane kabla sijastaafu lilikuja kontena la msaada lenye vitanda vya hospitali. Chini ya magodoro kulikuwa na vyombo viwili vyepesi, vyenye ncha mbele na nyuma, na tundu katikati. Aliyepokea mzigo aliandika kwenye orodha: "Vifaa tiba, matumizi hayajulikani." Vilikaa wodini wiki kadhaa, watu wakitundika taulo juu yake, ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba kitu kisichojulikana matumizi yake hupelekwa idara ya michezo.

Ndani ya tundu la kimojawapo nilikuta kofia ngumu, makasia yenye bapa pande zote mbili, na kitabu cha kanuni cha Kiingereza. Nilikitafsiri chote kwenye daftari kubwa la kaunta, kwa kamusi, mwezi mzima. Hakuna aliyeniagiza. Nieleze kwa ufupi, ili asiyejua mchezo huu asipotee mbele: unateremka kwa mtumbwi huo kwenye maji ya kasi yenye mawe, na juu ya maji yananing'inia mageti. Kila geti ni nguzo mbili. Ya kijani unapita ukiteremka. Yale mekundu ni lazima ugeuze mtumbwi, uyapite ukipanda dhidi ya maji. Ukigusa nguzo unaongezewa sekunde mbili. Ukilikosa geti unaongezewa sekunde hamsini, na hapo mashindano yako yamekwisha. Geti limepitwa ikiwa kichwa chako chote kimepita kati ya nguzo mbili. Hilo la kichwa naomba mlishike.

Nilikuwa na kanuni na sikuwa na mtu anayejua maji. Watu wakanielekeza Katumba Songwe, kwa mvushaji aliyeitwa Ambakisye, aliyekuwa akivusha abiria na mizigo kwenda na kurudi upande wa Malawi kwa mtumbwi wa gogo. Nilimpelekea chombo kimoja juu ya tela la baiskeli. Akakizunguka, akakigonga kwa kidole.

"Afisa, hiki unakaa ndani au unakivaa?"

"Unakaa, lakini miguu unainyoosha mbele, unafungwa na sketi ya mpira kiunoni."

"Kikipinduka?"

"Unajipindua tena ukiwa ndani."

Akanitazama vizuri usoni. "Wewe umeshakipanda?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui kuogelea. Hakucheka. Alichukua gunzi la mahindi, akalitupa mtoni, akaniambia nilifuate kwa macho. Likaenda kasi, likapita jiwe, halafu likarudi nyuma kidogo na kuzunguka taratibu nyuma ya lile jiwe. "Pale maji yanarudi," akasema. "Mtu wako akifika pale anapumzika, anageuka, anachagua njia. Asiyejua hapo atapigana na mto mpaka achoke, na mto hauchoki." Tulitupa magunzi asubuhi nzima. Mpaka leo sijapata mafunzo kazini yaliyonifaa kuliko yale, na nimehudhuria semina nyingi zenye chai na maandazi.

Mageti ya kwanza tulitengeneza kwa mianzi, ikanywa maji ikawa mizito kama mitwangio. Mwalimu mmoja wa ufundi akatupa mabomba ya plastiki yaliyobaki kwenye mradi wa maji, tukayapaka rangi, tukayaning'iniza kwa waya juu ya mto Kiwira, kule juu kwenye mawe, kabla mto haujalala kwenye tambarare yetu. Kwa wanaotaka kuendelea: waya ukazwe asubuhi, maana jua la Kyela linaulegeza, na fundo lifungwe upande ambao mto ukijaa utafikika.

Binti aitwaye Atupele nilimwona Ikolo wakati wa mafuriko. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, na siku hiyo alikuwa akihamisha magunia ya mpunga ya majirani kwa mtumbwi. Alikuwa amesimama wima, mbuzi mmoja mbele yake, anapita katikati ya visiki vya michikichi vilivyozama, anageuza mtumbwi hapa na pale, wala hagusi kitu. Nilisimama kwenye maji ya magoti na buti zangu zimejaa, nikamhesabia mageti kichwani.

Baba yake, mkulima wa mpunga na kakao, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Madamu, akizama nani atamtoa? Wewe?"

Nikaenda kujifunza kuogelea nikiwa na miaka hamsini na miwili, ziwani, asubuhi, nimevaa suruali ya michezo, na wanawake wa Kikisi wanaouza vyungu wananicheka bila kuficha. Nilipoweza kwenda na kurudi bila kushika chini nilirudi Ikolo. Baba yake alikuwa amekwisha kupata habari. "Nimesikia unaelea," akasema, "ingawa si kwa uzuri." Akamruhusu.

Miaka sita tulifanya kazi kila Jumamosi na siku za likizo, Ambakisye kwenye jiwe la chini na kamba mkononi, mimi kwenye jiwe la juu na saa. Atupele alikwaruzwa mabega, alipasua kofia, alikaa kichwa chini majini mpaka nikapiga kelele. Siku aliyojipindua mwenyewe mara ya kwanza alitema maji akasema tu, "Kumbe ni kiuno, si mikono." Tuliwatumia wasimamizi wa mchezo huo huko nje video ya simu. Wakajibu wakimwalika kwa msimu mmoja wa mashindano ya kimataifa Ulaya: mwanamichezo mmoja, kocha mmoja na kiongozi wa msafara mmoja.

Kocha nilikuwa mimi. Kiongozi aliteuliwa huko juu. Jina lake sitaliandika. Hakuwahi kuuona mto Kiwira, na siku tuliyokutana uwanja wa ndege aliuliza kama Atupele ni mwogeleaji.

Mashindano ya kwanza yalikuwa Slovenia. Atupele alitia mkono majini akautoa haraka. "Madamu, haya maji yana meno." Akawa wa mwisho, amekosa mageti mawili kwa haki kabisa. Hakulia. Aliniomba tukae ukingoni tuwaangalie wengine wanavyogeuka kwenye mageti mekundu, na tukakaa mpaka wakafunga maji yanayotoka bwawani. Ya pili yalikuwa Ucheki, kwenye mfereji wa saruji ambao maji yake yanapandishwa kwa pampu. Akawashinda watano. Jioni hiyo alikula sahani mbili.

Kiongozi wetu alionekana kwenye sherehe za ufunguzi, amevaa suti ya michezo ya taifa, anapiga picha. Mikutano ya viongozi wa timu hakuhudhuria. Nilijaribu kuingia badala yake, nikatolewa kwa adabu, kadi yangu ilikuwa ya kocha. Nikamwendea hotelini na daftari langu.

"Kiongozi, naomba usome ukurasa huu wa pingamizi. Matokeo yakibandikwa tuna dakika tano tu, na anayetakiwa kusaini fomu ni wewe peke yako."

"Mama," akanijibu huku anatazama simu, "wewe fundisha. Mambo ya utawala niachie."

Ndugu zangu vijana, hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Niliondoka na daftari langu kwapani.

Ya tatu yalikuwa Ufaransa, kwenye mji ambao jina lake sikuweza kulitamka. Siku hiyo Atupele aliendesha kama siku ile ya mbuzi na magunia. Nilikuwa ukingoni karibu na geti la kumi na nne, jekundu, lililoning'inia nyuma ya jiwe mahali ambapo maji yanarudi. Nilikuwa narekodi kwa simu. Aliingia nyuma ya jiwe, akazungusha mtumbwi kwa pigo moja la kasia, akainamisha bega, kichwa chake chote kikapita kati ya nguzo mbili, akatoka. Hakugusa. Mwamuzi wa geti lile alikuwa ng'ambo, jua linampiga usoni. Nilimwona akiweka kiganja juu ya macho. Akaandika.

Atupele alimaliza akiwa amegusa nguzo moja tu katika mageti yote. Nilijua kwa saa yangu kwamba ameingia nusu fainali. Kisha matokeo yakabandikwa ubaoni. Kwenye kumi na nne kulikuwa na hamsini.

Nilikimbia. Nina miguu mibaya lakini nilikimbia. Mwamuzi mkuu alikuwa mama mmoja mwenye mvi, mpole. Nilimwonyesha simu. Aliitazama video mara mbili, nikaona kwa macho yake kwamba ameona.

"Kiongozi wa timu yenu yuko wapi?" akauliza.

"Nampigia."

"Nahitaji fomu yenye sahihi yake. Nikiipata nitaita video yetu wenyewe tuiangalie. Zimebaki dakika tatu."

Simu iliita ikakatika. Nikapiga tena. Akapokea, nyuma yake muziki wa dukani.

"Kiongozi, njoo haraka sana! Wamempa hamsini na amepita! Inatakiwa sahihi yako!"

"Niko mjini, mama. Najaribu viatu."

"Zimebaki dakika mbili!"

"Waambie wasubiri. Nikimaliza hapa nachukua teksi."

Waambie wasubiri! Nimeandika maneno hayo mara nyingi kwenye karatasi nikayachana. Nilirudi kwa yule mama, nikamwomba nisaini mimi. Akatikisa kichwa, akatazama saa ya ukutani, nami nikaitazama. Hakufanya ubaya wowote. Mimi mwenyewe niliwafanyia hivyo hivyo watu wa Ikolo, na kwa sababu pungufu. Muda ulipopita alisema kwa sauti ndogo kwamba anasikitika.

Atupele alikuwa amekaa kwenye nyasi kando ya mtumbwi, bado amevaa kofia. Aliniona nikija, hakuhitaji kuambiwa.

"Nilipita, Madamu?"

"Ulipita."

"Basi." Akaanza kufungua kamba za kofia, vidole vikakataa, nikamfungulia.

Kiongozi alifika baadaye na mfuko wa viatu. Alisema, "Ndiyo michezo hiyo."

Dar es Salaam tulipokewa na maua na waandishi wa habari. Kiongozi akasimama mbele ya vipaza sauti akasema kijana wetu amejitahidi, ila ameangushwa na kukosa uzoefu, amekosea geti muhimu. Atupele alikuwa pembeni yake, ameshika maua. Akanigeukia. Nilikuwa na video mfukoni na mdomo usoni, nikanyamaza.

Kwenye basi la kurudi Kyela, tulipoanza kuteremka kuingia kwenye migomba, ndipo aliponiuliza, "Madamu, kwa nini hukusema?"

"Nimebakiza miezi kumi na nne nistaafu," nikamjibu.

"Sawa," akasema, akageukia dirishani.

Nimewahi kutukanwa na mashabiki, nimerushiwa chungwa bovu na mbunge wa zamani. Hakuna kilichowahi kuniuma kama ile "sawa".

Wiki mbili baadaye ililetwa taarifa ya safari niiwekee sahihi. Ukurasa wa tatu uliandikwa kwamba mwanamichezo alikosa geti la kumi na nne kutokana na uzoefu mdogo. Nilichukua kalamu nyekundu, nikakata sentensi nzima, juu yake nikaandika: "Alipita. Kiongozi alikuwa dukani." Nikairudisha pamoja na video. Nikaitwa Mbeya kwenye kikao.

"Bi Zaina," mwenyekiti akaniambia, "maneno machache hivi yanaweza kuharibu mahusiano."

"Ya nani na nani, mheshimiwa?"

"Wewe ni mtu mzima. Umebakiza muda mfupi. Kwa nini usimalize vizuri?"

"Ndiyo namaliza vizuri hivi."

Walinipeleka miezi iliyobaki kuhesabu madawati na viti. Niliyahesabu yote, na kwenye kila ripoti ya madawati niliambatanisha nakala ya ukurasa ule wa tatu. Hakuna aliyejibu. Nikastaafu. Wakanipa saa ya ukutani.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana ndiyo yaliyonifanya nikubali kuandika. Mwaliko wa msimu mwingine ulikuja. Kocha safari hii ni huyu bwana aliyerithi meza yangu. Kiongozi wa msafara ni yule yule. Nilipanda pikipiki mpaka Ikolo jua kali, nimejiandaa na hotuba. Nilimkuta Atupele anageuza kakao kwenye mkeka.

"Usiende," nikamwambia. "Ukienda naye umemsamehe. Ukae, tuandike barua, magazeti yajue."

Aliendelea kugeuza kakao kwanza. Kisha akasema, "Madamu, wewe ndiye uliyenifundisha, sitakukosea heshima. Lakini hasira zako ni zako. Mashindano ni yangu."

"Na akienda dukani tena?"

"Aende. Sijawahi kumhitaji yeye. Nahitaji sahihi yake."

Sikumwelewa, nikaondoka nimenuna. Nimesimuliwa baadaye na kocha kwa simu. Uwanja wa ndege, kwenye foleni, Kiongozi yuko bize na simu, Atupele alimsogelea kwa heshima zote na fomu tatu tupu za pingamizi. "Kiongozi, tusainie hapa mapema, usije ukasumbuliwa ukiwa na shughuli zako." Akasaini zote tatu juu ya begi, hakusoma hata mstari. Atupele akamwambia ndaga fijo, yaani asante sana. Najua haimo kwenye kanuni, wala sitamshauri afisa yeyote kijana kwa maandishi. Nasema tu kwamba binti wa miaka ishirini na sita alifanya kwa dakika moja kile ambacho mimi, na daftari langu la kaunta, nilishindwa msimu mzima.

Juzi alasiri simu yangu iliita, namba ya Ulaya. Nilikuwa nachambua mchele barazani.

"Madamu, nimetolewa!"

Niliinuka, ungo ukaanguka. "Geti gani? Fomu mmepeleka? Mwamuzi alikuwa upande gani wa jua?"

"Hapana, Madamu, sikiliza. Nimegusa mawili, na la kumi na moja nimelikosa kabisa. Niliingia mapema, maji yakanivuta. Video nimeiona. Sikupita."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa. Fomu hatukuzitoa hata kwenye begi." Sauti yake ilikuwa juu, na nyuma yake nilisikia maji ya mfereji yakinguruma. "Ni mimi, Madamu! Safari hii nimekosea mwenyewe!"

Akacheka, akacheka sana, mpaka salio likaisha.